Kabla Mnara Haujasimama

Milima ya Matogoro, kusini-mashariki mwa mji wa Songea, ndiko mto Ruvuma unakoanzia. Lakini kwa mwenye televisheni au kifaa cha intaneti, milima hiyohiyo ni ukuta. Nyumba ikiwa bondeni, mlima umeingia kati yake na kituo cha kurushia mawimbi, hakuna dawa ila kwenda juu: antena ipae mita kumi, kumi na mbili, ivuke mikaratusi. Hapo ndipo anapoitwa fundi wa kuchomelea, aunde mnara.

Gridi ya taifa ilipofika Songea mwaka 2018, laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilikuja na minara yake, wahandisi wake na kreni zake. Umeme huo unaendesha leo mashine ya fundi wa mtaani, ila kreni hana. Ana winchi ya mkono, kapi, kamba na majirani. Namsifu kwa sababu moja: anajua kwamba chuma kilicholala ni salama, chuma kilichosimama na kufungwa ni salama, na hatari yote imejazana katika dakika zilizo kati ya hali hizo mbili. Ufundi wake ni kuhakikisha kwamba katika dakika hizo hakuna jambo jipya la kuamuliwa.

Kazi ya karakana naipitia haraka. Bomba tatu hupangwa pembetatu na kuunganishwa kwa nondo za mshazari, vipande kwa vipande vinavyobebeka. Penye ganda la zinki hukwanguliwa kwanza kwa grinda, maana moshi mweupe wa zinki huleta homa usiku ule, na maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayazuii kitu. Chini ya kila bomba hutobolewa tundu la kutolea maji, kwa kuwa kutu ya ndani haionekani mpaka siku ya kuvunjika.

Mtihani wenyewe uko kiwanjani, kwa sababu viwanja vya mlimani ni mteremko. Mnara wa kuinuliwa hukaa kwenye bawaba, yaani bolti nene inayopita kwenye kitako chake, na mhimili wa bolti hiyo ndio unaotawala kila kitu. Nanga za waya zinazoushikilia mnara kulia na kushoto sharti ziwe kwenye mstari uleule wa bawaba, kimo kilekile. Nanga ikiwa chini ya bawaba, waya itazidi kukaza kadiri mnara unavyopanda, mpaka iupinde au ing'oe nanga. Ikiwa juu, waya italegea na mnara utayumba ukiwa nusu angani. Kwa hiyo fundi makini huiweka bawaba ikatize mteremko, akasawazisha nanga za pembeni kwa mpira mwembamba uliojaa maji, kisha akaulaza mnara kichwa kikielekea mlimani. Mlima umeshaanza kumwinulia.

Kinachofuata ni hesabu, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Kamba iliyofungwa kileleni na kuvutwa kutoka usawa wa ardhi huukandamiza mnara kwenye kitako chake badala ya kuunyanyua. Ndiyo maana penye bawaba husimamishwa nguzo ya kuinulia, kamba ikapita juu ya ncha yake. Chukua mnara wa mita 12 wenye kilo 120, umelala mahali tambarare. Nguzo ikiwa ya mita 6 na winchi imefungwa mita 8 kutoka kwenye bawaba, mvuto wa mwanzo ni kama kilo 150. Fupisha nguzo iwe mita 3, mvuto unapita kilo 250, na mnara haujaongezeka hata gramu moja. Ukikaribia wima mambo yanageuka: sasa unataka kuwaangukia wanaovuta, na anayeuzuia ni mtu wa nyuma, aliyeizungusha waya yake kwenye nguzo imara na anailegeza polepole.

Siku yenyewe huwa ya kiangazi, alfajiri, zege la kitako na nanga likiwa limekauka majuma kadhaa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Waya za umeme za TANESCO ziwe mbali kuliko urefu wa mnara, tena kwa ziada kubwa. Amri hutoka kinywa kimoja, lakini neno "simama" ni haki ya kila mtu, hata mtoto anayetazama kutoka barazani.

Wenye kreni nao wamelipia somo hili. Tarehe 7 Desemba 1982, huko Missouri City, Texas, mafundi walikuwa wakipandisha antena kwenye mnara mpya. Vishikio vya kuinulia vilikuwa mahali pabaya, wakavirefusha kwa kipande cha chuma. Urefu ule ukazidisha nguvu kwenye bolti, bolti zikakatika, mzigo ukakata waya ya mnara, na watu watano wakafa. Tarehe 8 Agosti 1991, mlingoti wa Konstantynów nchini Polandi, wa mita 646, uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa duniani, ulianguka wakati waya zake zikibadilishwa. Hakufa mtu.

Kwa hiyo fundi anapoitwa kubadilisha waya moja iliyoliwa na kutu, hufunga kwanza waya ya muda, akaikaza, akatazama timazi, ndipo afungue ya zamani. Hufunga klipu tatu kila jicho la waya, tandiko la klipu likiwa upande unaobeba mzigo na kipinde cha U upande wa mkia. Hiyo ni siku nzima ya kazi kwa waya moja, na mwenye nyumba amlipe siku nzima bila kunung'unika.