Forester XT: Siku Turbo Iliponyang'anywa Gia

Novemba 2012, Subaru walipoizindua Forester ya kizazi cha nne, hii tunayoiita SJ, mezani kulikuwa na injini mbili na magiaboksi mawili. Injini zilikuwa FB20 isiyo na turbo, farasi 148, na FA20 ya turbo, farasi 280. Giaboksi moja lilikuwa la mkono, gia 6, na la pili CVT isiyo na gia, waliyoipa jina Lineartronic. Hata kijana anayeanza kazi gereji angejua lipi lifungwe wapi. Subaru wakamwachia mnunuzi wa farasi 148 achague mwenyewe, mkono au CVT. Mnunuzi wa farasi 280, yule aliyelipia turbo ya XT, akaambiwa ni CVT au basi.

Hilo lilikuwa kosa, na miaka yote hii sijasikia hoja ya kunigeuza.

Wenye XT wakikutana, iwe pale pa kuoshea magari au kwenye karamu ya arusi, mzozo wao haubadiliki. Mmoja atakuambia gari lake linavuta kuliko sedani za Kijerumani zenye bei mara mbili. Mwenzake mwenye gari lilelile, mwaka uleule, atakuambia amelichoka na anatafuta Forester ya zamani, ile ya SG. Nawaamini wote wawili. Ukipima kwa saa, XT haina aibu: kule Marekani, ilikouzwa ikiwa na farasi 250, wapimaji waliifikisha maili 60 kwa saa kwa sekunde 6 na ushei. Kwa gari la familia lenye buti la kubeba magunia na uzito wa karibu tani 1.6, hizo ni mbio za kweli. Lakini anayelalamika halalamikii saa. Analalamikia kinachotokea kati ya mguu wake na gurudumu, na hicho hakiandikwi kwenye jedwali lolote.

Tazameni takwimu moja ya injini hiyo. Msokoto wake, ile nguvu inayokubandika kwenye kiti, ni Nm 350 kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,600 kwa dakika. Kesi yangu yote imo kwenye mstari huo. CVT ni dawa ya injini dhaifu, ile inayotoa kilicho bora katika mizunguko michache tu. Giaboksi huishika injini hiyo palepale penye nguvu, kisha hubadilisha uwiano polepole kadiri gari linavyochanganya mwendo. Ndiyo sababu Subaru wenyewe waliifunga kwenye Justy mwaka 1987, gari dogo la silinda 3 ambalo kila chembe ya nguvu yake ilihitaji kuokotwa. Hapo ilikuwa kazi ya busara, na ninaiheshimu mpaka leo.

FA20 haiumwi ugonjwa huo. Msokoto wake ni tambarare kama uwanja. Ukiwa mizunguko 2,200 au 5,000, msukumo ni uleule. Injini ya namna hiyo haihitaji kutafutiwa mahali pa kusimama, kwa kuwa popote unapoiweka inasukuma. Inachohitaji ni jino lililoingia kwenye jino, ili msukumo ufike chini wakati uleule mguu ulipouomba. Subaru walikuwa na injini nzima, wakaifunga gongo.

Chukua kilima cha kwenda Timboroa ukitoka Nakuru. Hewa ni nyepesi, trela mbele yako linapanda kwa mwendo wa baiskeli, na barabara iliyo mbele ni tupu kwa mita mia kadhaa. Katika SG ya turbo yenye gia za mkono, mkono wa kushoto unateremsha kutoka ya 4 hadi ya 3 kabla hujatoka kwenye mstari wako. Mshale unaruka kutoka 2,500 hadi 3,300 hivi, turbo inajaa, nawe ukikanyaga gari linakwenda. Sikio, kiganja na mgongo vinapata habari kwa pamoja. Unajua una nini mkononi kabla hujaanza kulipita lile trela, na ukiona hakitoshi unabaki nyuma yake.

Sasa njoo kwenye XT. Unakanyaga, mshale unapanda hadi 4,000, hadi 5,000, injini inanguruma, na gari bado linajiuliza. Puli za CVT zinabadilisha uwiano huku turbo nayo ikitafuta pumzi, kila moja ikimsubiri mwenzake. Kisha vyote vinakubaliana kwa mara moja na gari linarushwa mbele, mara nyingi kwa nguvu nyingi kuliko ulizotaka, kwa sababu wakati wa kungoja uliuzidisha mguu. Mshale umeganda hapo juu ilhali mwendo unapanda. Sikio linakuambia jambo moja na macho yanaona jingine. Dereva hujifunza kukisia, na baada ya mwaka mmoja amezoea kukisia hata anaamini ndivyo gari lenye turbo linavyotakiwa kuwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: kizazi kizima cha madereva wetu kimejifunzia turbo mahali ambapo turbo haikupewa nafasi ya kusema.

Fundi mmoja ninayemheshimu, mzee aliyeshinda miaka kwenye benchi lake pale Industrial Area, aliwahi kuniwekea mnyororo wa Lineartronic kiganjani. Ni mzito kuliko unavyoonekana. Umejaa vibamba vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama magamba ya samaki, na katikati yake pini. Ukiutazama ubavuni unaona kwamba kinachogusa puli ni ncha za pini hizo peke yake. Kisha akanipitisha kidole kwenye uso wa puli, laini kama sahani ya kauri. "Hapa hamna meno, mwanangu," akaniambia. "Kila kitu ni kubanwa." Farasi 280 zinapita kwenye ncha hizo zikishikiliwa na shinikizo la oili. Shinikizo linataka pampu, pampu inakula nguvu, na kubanwa huko kunazaa joto. Ndiyo maana kwenye dashibodi mmewekewa ile taa ya AT OIL TEMP.

Na hapa narudia wimbo niliouimba kwenye safu hii mara nyingi, na nitauimba tena: oili ya CVT ina mwisho wake. Mwaka 2017 Subaru ya Marekani ilirefusha dhamana ya CVT kwa modeli kadhaa zilizotoka kuanzia 2010, ikaitoa kwenye miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 100,000. Mnunuzi wa huko alipata mahali pa kukimbilia. Wa kwetu hana. Sheria ya miaka 8 kwa magari yanayoagizwa kutoka nje humletea gari likiwa limekwisha kutumika miaka 6 au 7, na hakuna karatasi ya kumwambia oili ile ilibadilishwa lini, au kama iliwahi kubadilishwa. Akitoka bandarini jambo la kwanza analotafuta ni ekzosti ya kelele. Vijana wangu, ekzosti haiongezi hata farasi mmoja wa maana kwenye gari hilo. Fedha hizo zinanunua oili sahihi ya Lineartronic, si ile ya otomatiki yoyote inayomiminwa kwa kuwa rangi zinafanana, na zinabaki za kumlipa fundi anayejua kuipima ikiwa kwenye joto lake.

Kwa nini basi waliamua hivyo? Jibu ninaloliona liko kwenye kipimo cha mafuta. Wakati huo Japani ilipima magari kwa JC08, mzunguko wa maabara wa kilomita 8 na kidogo, wenye mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa na kilele cha 81.6. Matokeo ya hapo ndiyo yaliyoamua punguzo la kodi kwa magari yasiyonywa sana. Katika mwendo huo wa kunyata CVT haina mpinzani, kwa kuwa huishusha injini mizunguko ya chini kabisa na kuiacha huko. Kwa gari la kwenda sokoni sina ugomvi nayo. Lakini giaboksi la gari lililouzwa kwa jina la turbo lilichaguliwa kwa ajili ya mashine ambayo haijawahi kuvuka kilomita 82 kwa saa wala kupanda kilima. Hata Legacy 2.0GT DIT ya Mei mwaka huohuo, farasi 300 na Nm 400, ilikuwa imekwisha tendewa hivyohivyo.

Kisha kuna hizo hatua 8 za modi ya S#, ambazo wauzaji wanazitaja kama zawadi. Sifa pekee ya CVT ni kwamba haina gia. Subaru wakaichukua sifa hiyo, wakaiamuru kompyuta iigize gia 8, na wakaweka vishikio viwili nyuma ya usukani ili dereva aigize naye. Ukivuta kishikio, kinachobadilika ni mahali mnyororo ulipoketi kwenye puli. Kama mhandisi ameona dereva anataka ngazi za kupanda, ngazi halisi zilikuwepo ghalani. Giaboksi la mkono la gia 6 lenye kubeba mzigo mkubwa lilikuwa kwenye WRX STI. Otomatiki ya gia 5 ilikuwa imefungwa kwenye Forester S-Edition ya 2010, kizazi kimoja tu nyuma. Na mwaka huohuo wa 2012 Subaru haohao walikuwa wanaunda BRZ na ndugu yake Toyota 86, zenye FA20 isiyo na turbo, kwa gia 6 za mkono au 6 za otomatiki ya kweli. Kwa gari hilo hakuna aliyethubutu kutaja CVT.

Anayesema biashara iliwalazimisha, namwonyesha Suzuki. Swift Sport ya 2011, ZC32S, ilikuwa na gia za mkono au CVT. Walipoiunda upya mwaka 2017 wakaipa turbo ya lita 1.4, farasi 140, Nm 230, katika gari la kilo 970 kwa lile la gia za mkono. CVT wakaitupa. Asiyetaka klachi akapewa otomatiki ya gia 6. Wahandisi wa kampuni isiyo na jina kubwa kwenye mbio za dunia waliona kwamba turbo na CVT haviivi chungu kimoja, wakarekebisha. Swift hiyo ina nusu ya farasi wa XT, na kwenye barabara ya kona nyingi ningeichagua bila kufikiri.

Mengine katika SJ yalifanywa vizuri: injini, chasisi na mfumo wa kuendesha magurudumu yote 4 sina la kusahihisha.

Lakini sisi tuliokulia Kenya tunajua jina la Subaru lilipatikana wapi. Mwaka 1993 dereva Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally na kushinda daraja lake akiwa na Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 658 chenye supachaja. Vivio ya CVT ilikuwepo dukani wakati huo. Subaru hawakuileta hiyo kwenye Safari, walileta ya gia za mkono. Colin McRae alishinda hapa 1997, Richard Burns akashinda 2000, wote kwa Impreza zenye gia za meno. Kijana wa Nakuru au Kisumu aliyeziona zikipita na vumbi lake alikuja kununua Forester ya turbo kwa sababu ilikuwa Impreza anayoweza kumpandisha mama yake. SF ilimpa gia za mkono. SG5 ikampa farasi 220 na gia 5. SG9 ya STI, mwaka 2004, ikampa farasi 265 na gia 6. Hata SH iliyotangulia SJ, turbo yake ilipatikana kwa gia 5 za mkono. Farasi walikuwa wachache kuliko wa XT, na kila mmoja wao alikuwa mkononi mwako.

Leo SG hizo, zenye namba za KBM na KBN, bado zinabadilisha wamiliki kwa bei isiyolingana na umri wake. Viti vimechanika, rangi imekufa kwenye paa, na mpira wa kichwa cha gia umelainika hadi namba hazisomeki. Wanaozinunua hawanunui uzee. Wanazifuata kwa kuwa baada ya 2012 mlango ulifungwa, na haukufungwa kwa XT peke yake. Levorg ikaja na CVT. WRX S4 ya 2014, farasi 300, CVT. Ikabaki STI ya gia 6, ghali kwa wengi wetu, hadi walipoiaga injini yake ya EJ20 kwa magari 555 ya mwisho. S4 mpya ya lita 2.4 ilipozinduliwa Japani mwishoni mwa 2021, ilikuja na CVT peke yake tena, safari hii kwa jina jipya, Subaru Performance Transmission.

Na kwa kuwa magari yetu yanatoka Japani, kinachoamuliwa kwa mnunuzi wa Tokyo ndicho kinachotushukia Mombasa miaka 7 baadaye. Tumeambiwa mara nyingi kwamba gia za mkono hazitengenezeki tena kwa gari hilo. WRX hiyohiyo ya lita 2.4 inaundwa Gunma na kupakiwa melini kwenda Marekani ikiwa na gia 6 za mkono. Nyingine zilipakiwa kwenda Australia, nazo zina gia 6 za mkono, na usukani wake uko kulia kama wetu.