Haki ya Baba na Sauti ya Bertha katika Tamthilia ya Strindberg

Tamthilia ya August Strindberg, Fadren (yaani Baba), ya mwaka 1887, imesomwa na wahakiki wengi ama kama utetezi wa haki za akina baba au kama ushahidi wa chuki ya mtunzi kwa wanawake. Wapo wanaoieleza kwa talaka ya Strindberg na Siri von Essen, ambapo mama ndiye aliyepewa malezi ya watoto. Talaka hiyo ilikuja 1891, miaka minne baada ya tamthilia! Dai letu ni kwamba usomaji wa aina hii humsahau mtoto anayegombaniwa.

Kapteni anataka binti yake, Bertha, akasomee ualimu mjini; mkewe, Laura, anataka abaki nyumbani awe mchoraji. Sheria ya wakati ule imempa baba kauli ya mwisho. Lakini katika kesi ya askari Nöjd, anayesemekana kumpa mimba mtumishi wa jikoni, Kapteni mwenyewe anakiri kwamba ubaba hauthibitiki. Laura anaidaka hoja hiyo na kumgeuzia. Leo kipimo cha DNA kingeimaliza kesi ya Nöjd. Ya Kapteni kisingeimaliza, kwani yeye haamini maisha baada ya kifo, na kwa Bertha anatafuta umilele wake. Ndiyo maana onyesho la yaya ni zito mno: Margret anamvisha vazi la kuwafungia wendawazimu huku akimkumbusha alivyokuwa akimvisha utotoni. Mwenye mamlaka ya baba amerudishwa kuwa mtoto.

Na Bertha je? Mapema anasema angependa kwenda mjini. Baadaye baba anapomtaka awe na nia moja tu, yaani nia yake yeye baba, Bertha anajibu kwamba anataka kuwa nafsi yake. Kapteni anaishika bastola. Risasi zimekwisha kuondolewa.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa, wameoana wasioane, na kuyatanguliza maslahi ya mtoto. Katika semina zetu hunukuliwa zaidi sehemu ile ya kwanza. Hata Maimuna, anayefungiwa ndani na Maksuudi katika Utengano (1980), hujadiliwa zaidi kama ushahidi wa ukatili wa babake kuliko kama mtu mwenye matakwa.

Mwishoni Bertha anamkimbilia mamake, naye Laura anamwita wake. Kama bado angependa kwenda mjini, hakuna jukwaani anayemuuliza.