Apatiti Haikuwa ya Kutegemewa

Sijapata bado sababu ya kuridhisha ya Bower na Nelson kuitegemea apatiti, yaani madini ya mifupa. Ripoti yao ya 1978 katika jarida la Man iliwarudisha nyuma mno wafinyanzi na wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa nchini Kenya, na tarehe zilizobeba hoja hiyo zilitoka kwenye madini hayo. Uchimbaji wenyewe ulikuwa safi na vigae walivipanga vizuri.

Najua utetezi. Kwenye udongo wa joto kolajeni, protini ya mifupa, huoza upesi, mkaa nao haupatikani kila shimo. Sawa. Lakini apatiti ina kabonati, na kabonati hubadilishana kaboni na maji yapitayo ardhini. Ubavu wa ng'ombe ukilala chini ya masika ya miaka elfu kadhaa, kinachofika maabara ni kaboni ya ng'ombe iliyochanganyika na ya udongo, wala hakuna ajuaye kwa kiasi gani. Umri unaweza kuvutika mbele au nyuma. Tena hili ni bonde la volkano na magadi! Kama kuna mahali pa kuishuku kabonati, ni hapa.

Kibaya zaidi, kipimo cha kulinganisha kilikuwepo. Odner alikwisha kuchapisha uchimbaji wake wa Narosura, kusini mwa Kenya, mwaka 1972: mashimo ya nguzo za nyumba, mifupa ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mkaa ulioangukia zaidi milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Tarehe mpya ikipishana mno na mkaa wa namna hiyo, wa kuhojiwa kwanza ni sampuli. Wao wakaanza kuhoji historia ya mifugo. Ilibidi tungoje hadi 1983, Collett na Robertshaw walipozikataa tarehe za apatiti waziwazi.

Nimeshalisema na nitalirudia: fani hii ina ugonjwa wa kuubebesha ushahidi wa aina moja mzigo wote. Ndio huo uliotuletea “utamaduni wa bakuli za mawe”, jamii nzima kubatizwa kwa chombo kimoja, kana kwamba ng'ombe zao, obsidiani yao na makaburi yao ni nyongeza tu. Luxmanda, kule Mbulu nchini Tanzania, angalau vigae, mifupa na DNA vimesomwa pamoja.

Mfano wa tarehe ya mkaa inayosimama yenyewe upo: Mary na Louis Leakey walichimba Pango la Mto Njoro, humohumo Bonde la Ufa nchini Kenya, mwaka 1938, kabla ya kipimo cha kaboni-14 kubuniwa. Wafu walichomwa humo pamoja na shanga na bakuli zao, na mabaki yaliyoungua yakatunzwa. Yalipokuja kupimwa, mkaa ulisoma takriban miaka 3000, mulemule mwa wafugaji wa Narosura na Luxmanda. Tarehe hiyo haijahitaji wakili.