Orodha ya Majina na Wanaoachwa Nje

Tafiti nyingi za nasaba tunazoletewa siku hizi zina jedwali nyuma yake, na nyuma ya jedwali kuna orodha ya ruwaza, yaani namna zote ambazo mtafiti anadhani jina linaweza kuwa limeandikwa. Huiandika mara moja katika faili, akaipa programu, nayo hupitia maelfu ya mistari na kubakisha ile tu inayolingana. Kesho orodha hiyo hiyo hupelekwa kwenye majalada mengine, au hupewa mwenzake. Programu ya grep, iliyoanza katika mfumo wa Unix mwaka 1973, inafanya kazi hiyo mpaka leo. Aliyewahi kupekua majalada ya ubalozi wa Kiingereza ukurasa kwa ukurasa hawezi kuidharau.

Ninacholalamikia ni kwamba jedwali tunalisoma na orodha hatuioni. Sisi tuliofundishwa kuwa hadithi haipokewi bila ya isnadi, tunapokea jedwali bila ya kuuliza nani amelichuja na kwa kitu gani.

Chukua ruwaza moja inayopendwa: H, m na d, na baina yake irabu yoyote, moja au mbili. Imekusudiwa kukusanya Hamad, Hamed na Hamid, kwa kuwa makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia. Ipeleke kwenye barua za Unguja za 1893 hadi 1902. Sayyid Hamad bin Thuwaini, aliyefariki Agosti 1896, atatiwa kapu moja na Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini siku mbili baadaye. Amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria ni ya huyu wa pili. Kwa maandishi ya Kiarabu, waw moja ilitosha kuwatenganisha.

Kosa la upande wa pili ni kubana mno. Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, hushika herufi ya kwanza na kuzigeuza konsonanti nyengine kuwa tarakimu. Barwani huwa B650, Al-Barwani A416, El-Barwani E416. Ukoo mmoja, makapu matatu, kwa sababu ya alif na lam tu! Na orodha iliyojaa Murjebi, Marjebi na Murjabi haitampata mtu huyo pale karani alipoandika Tippoo Tib.

Haya yote yanarekebishika kwa kuongeza mistari. Lisilorekebishika hivyo ni kwamba orodha zetu karibu zote zimejengwa juu ya nisba. Zinauliza ukoo, na asiyekuwa na ukoo karatasini hapiti. Katika majalada ya wawakilishi wa Kiingereza wa Bushehr, ambayo mengi sasa yanasomeka katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar iliyofunguliwa 2014, wamo waliokwenda kuomba hati za uhuru, na baadhi yao walitolewa pwani yetu. Mtu kama huyo huandikwa Mabruk, au Faraj, au Almasi, basi. Ruwaza ya nisba humwacha nje, na jedwali halioneshi hata pengo.

Wala hawa si watu wa nje ya familia zetu. Watoto aliowaacha Sayyid Said bin Sultan alipofariki 1856 walizaliwa na masuria. Nyumba nyingi zinazosoma jarida hili zina bibi wa namna hiyo, na aghlabu hutajwa kwa jina moja tu. Mjukuu anayetafuta nasaba yake kwa orodha ya koo atawapata ami wa baba yake wote, na mama wa baba hatamuona.

Tunasifu tui bila ya kuangalia machicha. Na kuyaangalia si kazi kubwa: grep ina alama ya -v inayogeuza chujio, ikatoa mistari iliyokataliwa. Mtafiti asome walau kurasa kadhaa za hiyo, kisha achapishe orodha yenyewe pamoja na jedwali: nani ameitunga, mwaka gani, na kwa majalada gani. Iliyotungwa kwa karatasi za Unguja isipelekwe Maskati kama ilivyo, kwani makarani hawakuwa wale wale wala hawakuandika kwa namna moja. Na makala itakayokuja bila ya orodha yake, mhariri airudishe.