Studs Terkel, bingwa wa kusikiliza

Kuanzia 1952 hadi 1997, Studs Terkel alizungumza na watu katika redio ya WFMT, Chicago. Mwandishi aliyealikwa alimkuta mwenyeji wake ameshakisoma kitabu chote, kurasa zimejaa alama za kalamu. (Siku hizi wengi husoma jalada la nyuma tu, na inasikika!) Mwandishi James Baldwin alipita hapo mwaka 1961. Mimi lakini namvulia kofia zaidi kwa namna alivyowahoji vibarua wa viwandani, wahudumu wa mikahawa, hata mchimba makaburi, kwa adabu ileile. Maneno yao yamo katika kitabu chake cha 1974, Working. Kanda zake zimehifadhiwa, na nyingi husikilizwa bure mtandaoni. Anza na ile ya Baldwin.