Haluwa, Kashata na Pipi katika Shairi

Washairi wetu wa visiwani hukimbilia haluwa kila watakapo kusifu utamu. Si kosa. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, limebeba sinia, harusi na kahawa chungu; uchungu huo ndio unaoupa utamu maana. Lakini shairi linalomtia haluwa kinywani mtoto wa mchimbaji dhahabu wa Mwakitolyo, Shinyanga, limemwazima kinywa cha Unguja.

Mizani si kisingizio. Haluwa ina mizani tatu, na kashata vilevile. Tena kashata imejua kusafiri: pwani twaipenda ya nazi, Usukumani, kwenye mashamba ya karanga, ni ya karanga. Jina ni lile lile, ladha ni ya mahali.

Na pipi? Wapo wanaolibeza neno hili kuwa la gengeni, wakaweka peremende. Nami katika tafsiri nimewahi kufanya hivyo: mizani mbili zikawa nne, mstari ukatimia, mtoto akapotea. Aliyeshika sarafu mbele ya duka huomba pipi. Mshairi asiyemsikia atapata vina, hatapata utamu.