Sentimita 17

Katika barabara ya Luthuli, Nairobi, yupo fundi ambaye ukimtazama akiwa kazini utasahau ulichokwenda kununua. Siku hiyo alikuwa anaunda kifaa cha kupima maji ya tangi lililo juu ya ghorofa, kimjulishe mwenye nyumba yamebaki kiasi gani kabla mifereji haijakauka. Mbele yake palikuwa na bodi mbili: moja ya kuendesha mahesabu, nyingine, isiyofika hata sentimita 2 kwa upana, ya kurusha habari kwa mawimbi ya redio.

Bodi hiyo ya redio huuzwa bila antena. Wengi huokota kipande chochote cha waya, wakakibandika, na mawimbi yakishika kidogo wanashukuru Mungu. Yeye alichukua rula. Redio ile hutumia megahezi 433, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 69 hivi. Robo yake ni 17 na ushei. Akakata waya wa shaba kwa kipimo hicho, akaupitisha katikati ya vidole mara kwa mara, kuanzia shinani hadi nchani, mpaka ukanyooka bila kipindo. Kisha akapasha moto shaba kwanza, akaisogezea lehemu, nayo ikayeyuka na kutandaa ikimetameta. Mkono haukutikisika mpaka ikapoa, kwani kiungo kikisukwasukwa kabla hakijaganda hufifia rangi, na siku moja kitaachia bila kuaga.

Halafu akang'oa taa nyekundu iliyokuja na bodi ya mahesabu. Mnunuzi angeona ni uharibifu. Lakini taa ile hunywa betri usiku na mchana, hata chipu yenyewe ikiwa imelala na kutumia umeme mdogo mno. Huko juu ya tangi, nani anaitazama? Karibu kabisa na miguu ya umeme ya redio akaweka kapasita, ili redio inapotuma na kuvuta umeme kwa ghafla, bodi isizimike. Mwenye nyumba hatayajua haya. Atajua tu kwamba kifaa chake kinafanya kazi mwaka hadi mwaka.

Bodi hizi zilizaliwa kwa nia njema. Mwaka 2005, huko Ivrea, Italia, bodi ya Arduino ilibuniwa ili hata asiye mhandisi aweze kuunda kitu. Mwaka 2014 chipu ya ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai ikawapa watu wa kawaida Wi-Fi kwa dola chache. Maelezo yake ya mwanzo yalikuwa ya Kichina, na wapenzi wa kazi hii, kila mmoja kwao, wakayatafsiri, wakajaribu, wakafundishana. Aliyetaka kufaulu alilazimika kusoma.

Urahisi huo tumeugeuza kuwa ruhusa ya uzembe. Programu inanakiliwa na kupachikwa bila kusomwa hata mstari mmoja. Bodi yenye antena iliyochorwa ukingoni inafungiwa ndani ya sanduku la bati, kisha inalaumiwa kwamba haishiki mtandao. Ikizima inatupwa, hata kama kilichoungua ni kijisehemu cha shilingi chache. Mafundi redio wa zamani waliisaka hitilafu kwa mita na subira, kama mganga anayepapasa tumbo la mgonjwa, na wasingeona fahari kutupa kitu kizima kwa ajili ya kiungo kimoja.

Bodi zitaendelea kuja, na bei itazidi kushuka. Mazoea ya kupima kabla ya kukata hayamo kwenye pakiti. Mtu huyapata kwa kukaa ubavuni mwa anayejua, miaka na miaka. Fundi wa Luthuli hana mwanagenzi. Vijana husimama, huuliza bei, huenda zao. Tunajaza nyumba na mashamba vifaa vinavyozungumza kwa mawimbi, huku wanaoweza kusema kwa nini vimenyamaza wakizidi kupungua, wala hatuoni kwamba tunapata hasara.